Mlango wa buluu

Kila inapoingia Shaaban, kamati ya msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga, hutenga siku moja ya usafi mkubwa wa kuipokea Ramadhani. Mazulia hutolewa nje na kuanikwa, mahali pa kutilia udhu husuguliwa, na kile chumba kidogo cha pembeni ambacho kwa heshima tunakiita ofisi hufunguliwa madirisha yake. Mwaka huu kazi ya kupanga kabati ilituangukia sisi, kwa kuwa katibu ndiye mwenye makaratasi, na lawama za makaratasi ni zake. Chini kabisa, chini ya majalada ya stakabadhi za michango ya paa, tulikuta sanduku la bati tulilorudi nalo kutoka chuoni Unguja. Tulikuwa tumeliweka pale kwa wiki mbili wakati tukihama nyumba. Wiki mbili hizo zimekuwa miaka tisa.

Ndani yake mlikuwa na kanzu iliyoliwa na mende, vitabu vya fiqhi vilivyoachana na majalada yake, na kaunta buku moja la kwaya mbili. Juu yake tulikuwa tumeandika kwa wino mwekundu, kwa herufi za kujitutumua: “Mapenzi na Fasihi, Juzuu ya Kwanza.” Juzuu ya pili haikuwahi kuandikwa.

Tulilisoma tukiwa tumesimama. Vijana walikuja kuuliza sabuni, tukawajibu bila kuinua macho. Wakaja tena kuuliza ufunguo wa stoo. Adhana ya Alasiri ndiyo iliyotutoa mle chumbani, na tulipokwenda kutia udhu masikio yetu yalikuwa ya moto kwa haya.

Ndugu msomaji, tulikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja tulipoyaandika yale. Mlikuwa na mashairi sitini na moja, mengi ya tarbia, na baina yake makala ndefu juu ya fasihi. Katika makala moja tulitoa hukumu, bila kutetemeka, kwamba mtu asiyewahi kupenda hawezi kumfahamu Shaaban Robert. Wakati huo tulikuwa tumesoma vitabu vyake viwili, na cha pili hatukukimaliza. Katika nyingine tuliwagawa washairi wote wa pwani katika makundi mawili, wanaojua mapenzi na wanaojua vina tu, kisha sisi wenyewe tukajiweka katika kundi la kwanza. Mashairi yenyewe yalikuwa na kasoro ya kinyume: hata vina havikukaa sawa. Kila mizani ilipopungua tulitia “ewe”. Katika ubeti mmoja tulihesabu “ewe” nne, na anayeitwa hakujulikana ni nani.

Hata hivyo hatukucheka kwa muda mrefu. Lilikuwamo daftarini jambo moja ambalo lilitufanya tulikunjie kwenye kanzu tukarudi nalo nyumbani, na jambo hilo ni mlango.

Dirisha la bweni letu lilitazama kichochoro. Ng’ambo ya kichochoro ilikuwapo nyumba yenye mlango uliopakwa rangi ya buluu, rangi iliyobanduka upande wa chini ambako mvua ilirukia, na pembeni mwake mkunazi. Kila siku baada ya Alasiri binti mmoja alitoka mlangoni na kikapu, akaenda dukani, akarudi. Ni hayo tu. Hatukuwahi kusema naye neno, hatukulijua jina lake, na sauti yake hatukuisikia ila siku moja alipomkemea mbuzi. Kwa mambo hayo matatu, mlango, kikapu na mbuzi, tulijaza kurasa mia na arobaini.

Mwenzetu mmoja alilichukua daftari akalisoma kwa sauti bwenini, vijana wakaangua kicheko, na kabla ya juma kwisha lilikuwa mikononi mwa maalim aliyetufundisha fiqhi. Alituita baada ya Isha. Njiani tulikuwa tumekwisha kupanga maneno ya kumwambia baba yetu kwa nini tumerudishwa nyumbani katikati ya mwaka.

Maalim alikuwa amelisoma lote. Penseli yake ilikuwa imepita kila ukurasa, ikaweka alama palipopungua mizani na kuzungushia kila “ewe”. Kisha akafungua Minhaj ya Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, kitabu ambacho kwa sisi tuliosoma kwa madhehebu ya Shafi ni kama mkate wa kila siku, akatutaka tusome katika mlango wa ushahidi. Hatukuwahi kufikiri kwamba habari za washairi zinaweza kuwamo humo. Zimo. Wanazuoni walipokuwa wakieleza ni nani ushahidi wake hukubaliwa na nani hukataliwa, walimgusa na mshairi. Kutunga shairi na kulisoma kunaruhusiwa, isipokuwa mtunzi akashifu mtu, au aseme machafu, au amguse mwanamke maalumu.

“Katika matatu haya,” akauliza, “lipi limo katika daftari lako?”

“La tatu, maalim.”

“Liko wapi? Jina lake hukulitaja.”

Tulinyamaza, kwa kuwa tulikwisha kuliona. Tulikuwa tumetaja mlango, na rangi yake, na mkunazi, na saa. Mtu yeyote wa mtaa ule angemjua binti yule kabla ya kumaliza ubeti wa kwanza, na mwenzetu alikuwa amekwisha kuusoma mbele ya vijana thelathini.

“Kaufute mlango,” akasema, “halafu usome kinachobaki.”

Tulikesha siku tatu tukifuta. Wino haufutiki, kwa hiyo tuliichora mistari hadi karatasi ikatoboka. Kilichobaki kilikuwa mwezi, waridi, lulu na macho ya paa. Tulipolirudisha, maalim alipekua kurasa chache akauliza: “Sasa hili ni la nani?” Tukajibu kwamba linaweza kuwa la yeyote. “Basi si la mtu,” akasema, akaturudishia daftari. “Liweke. Utakuja kuwa na mlango wako.”

Hatukumfahamu. Tulidhani anatukumbusha habari za kodi ya nyumba. Tulichokifahamu, au tulichojifahamisha, ni kwamba mashairi si kazi ya mwanafunzi wa elimu ya dini, na tangu siku ile hatukutunga tena. Maalim amekwisha kutangulia mbele ya haki, Allah amrehemu, na hatukuwahi kurudi kumuuliza.

Haya yote tungeyaacha sandukuni kama si kikao cha kamati cha juma lile lile. Ajenda zilikuwa futari ya pamoja, bei ya tende na bomba linalovuja. Katika mengineyo, ustadh wa madrasa alisimama akaweka mezani daftari dogo la mistari. Lilikuwa la kijana wa miaka kumi na saba, anayetusaidia kuwasomesha watoto alifu. Lilipatikana chini ya mkeka. Ndani yake mlikuwa na mashairi, na katika moja wapo alitajwa binti wa darasa la wasichana kwa rangi ya mtandio wake na kwa barabara anayokaa. Wanafunzi wenziwe walikuwa wamekwisha kulinakili na kulisambaza kwenye simu.

Wazee walikasirika, nao walikuwa na haki ya kukasirika. Mmoja alipendekeza kijana afukuzwe na daftari lichomwe mbele ya wanafunzi. Mwingine aliona afukuzwe tu, daftari apewe baba yake. Tuliandika yote mawili katika muhtasari, kwa hati nzuri, bila kuinua kichwa, hali daftari letu wenyewe lilikuwa limefungwa ndani ya kanzu chini ya kiti. Saa nzima na robo ilipita. Isha ikaingia, kikao kikaahirishwa, na daftari la kijana tukakabidhiwa sisi, kwa kuwa katibu ndiye mwenye makaratasi.

Hapa inatubidi tumwombe radhi msomaji. Kawaida ya kalamu hii ni kusema “sisi”, na kawaida hiyo imetufaa miaka yote tukiandika habari za michango na mawaidha. Lakini kuna mahali inapogoma. Hatuwezi kuandika “mke wetu”. Tutasema mama watoto, naye mwenyewe ameridhia.

Mama watoto alituona tukiingia na madaftari mawili, akauliza la pili ni la nini. Tulimpa. Alilisoma akiwa amekaa kwenye mkeka, watoto wamelala, na mara mbili alicheka hadi akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.

“Nani huyu?” akauliza.

“Hatukumjua jina.”

“Kurasa mia na arobaini, Bwana Katibu, kwa mtu usiyemjua jina?”

Kisha akaacha kucheka. Alipekua kurasa zile zilizochorwa mistari, akapitisha kidole kwenye tundu moja la karatasi. Akasema, kwa upole, na upole wake ulituumiza kuliko ambavyo ukali ungetuumiza: “Sikujua kama unayaweza haya. Harusi za watu unawaandikia risala nzuri, na mimi huzisikia kwenye kipaza sauti nikiwa upande wa wanawake. Mimi mwenyewe huniandikia ‘nimefika salama’ na ‘nunua LUKU’.”

Hatukuwa na jibu. Tumeoana miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo tumeandika, kwa hesabu ya majalada yaliyo ofisini, mihtasari zaidi ya mia, barua za kuomba misaada, hotuba za Maulidi, risala za arusi za vijana wengi wa mtaa. Ni kweli kwamba tumemlisha, tumemvisha, tumekesha naye hospitalini, na kwa wanaume wengi wa rika letu hiyo ndiyo tafsiri ya mapenzi iliyotosha. Hatuidharau. Allah ametaja katika Surat ar-Rum mapenzi na huruma pamoja baina ya mume na mke, na huenda tumetenda la huruma tukadhani tumemaliza yote mawili.

Na hapo tena ndipo tulipomfahamu maalim, baada ya miaka kumi na tano. Hakutukataza mlango. Alitukataza mlango wa watu. Wanazuoni waliomkataza mshairi kumgusa mwanamke maalumu walijua kwamba kile kinacholipa shairi uhai, yule mmoja na si mwingine, mkunazi huu na rangi hii iliyobanduka, ndicho hicho hicho kinachoweza kumvunjia mtu heshima yake. Ibn Hazm wa Kurtuba, faqihi aliyezaliwa mwaka 994 na kufariki 1064, aliandika kitabu kizima juu ya mapenzi, Tawq al-Hamama, akakijaza visa vya watu aliowajua. Lakini mwanzoni tu alieleza kwamba atayaficha majina pale ambapo kuyataja kungeleta aibu. Shaaban Robert wa hapa hapa kwetu, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alipotunga shairi la maombolezo aliliita “Amina”, jina la mkewe. Hakuhitaji kulificha. Lilikuwa jina la nyumbani mwake. Sisi tulikuwa hodari wa kutaja mlango tusio na haki nao, na tulipoingia mahali pa halali, ambapo tungeweza kutaja kila pigo la nyundo la mlango, tukanyamaza.

“Na yule binti,” mama watoto akauliza alipokuwa akilaza taa, “mmemuamulia nini?”

Tulimwambia kwamba kikao kilimjadili kijana.

“Nimeuliza binti. Tangu Jumamosi haji madrasa. Mama yake ameniambia baba amemzuia, anasema ametajwa. Alikuwa amefika Surat Yasin.”

Tuliwasha tochi ya simu tukasoma upya muhtasari tulioandika kwa hati nzuri. Kurasa tatu. Binti hakutajwa popote, ila pale ilipoelezwa kosa la kijana.

Kikao cha pili kilifanyika siku nne baadaye, na tuliomba ruhusa ya mwenyekiti tuseme kabla ya kuandika. Tulileta madaftari yote mawili. Si jambo rahisi kwa mtu aliyekwisha kupata mvi mbili tatu za ndevu kuweka mbele ya wazee wake ujinga wake wa umri wa miaka ishirini na mmoja, na wazee hawakutusaidia: mweka hazina alisoma beti mbili kwa sauti, akauliza “ewe” hizi ni za mkopo au za fedha taslimu. Tulistahili.

Tuliwakumbusha kisa cha Mughith na Barira, ambacho Ibn Abbas (R.A.) alikisimulia na Imam Bukhari akakipokea katika Sahihi yake. Barira alipoachwa huru alikuwa na hiari ya kuendelea na mumewe, naye alikuwa bado mtumwa, akachagua kuachana naye. Mughith alimfuata nyuma katika njia za Madina akilia, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (S.A.W.) hakumcheka wala hakumfukuza mjini, alimwonyesha ami yake Abbas ajabu ya mapenzi ya mtu yule, kisha akamwendea Barira kumwomba amrudie mumewe. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akamjibu kwamba yeye ni mwombezi tu. Barira akasema basi hana haja naye, na mambo yakaishia hapo.

Tumekisikia kisa hiki mara nyingi kikitolewa kwa ajili ya Mughith, ili ionekane kwamba kupenda hakumtoi mtu katika Uislamu. Usiku ule tuliwaomba wazee wakisikie na kwa upande wa Barira. Machozi ya mwanamume, hata yalipoombewa na mbora wa viumbe, hayakuwa deni lake. Hakuzuiwa kutembea katika njia za Madina kwa sababu kuna mtu anamlilia nyuma. Binti wetu hakulia, hakutunga, hakujibu shairi, wala hakujua kwamba limetungwa; na ndiye pekee ambaye mpaka siku ile alikuwa ameadhibiwa.

Kimya kilikuwa kirefu. Mzee aliyetaka daftari lichomwe, mwenye sauti kubwa kuliko wote kamatini, aliuliza taratibu kama binti yule ni mjukuu wa fulani. Alipoambiwa ndiye, alisema babu yake ndiye aliyemfundisha yeye kusoma, akavua miwani.

Sitapamba yaliyoamuliwa, tazama, “sisi” imetuponyoka. Yaliyoamuliwa ni haya. Kijana hakufukuzwa. Aliondolewa kufundisha mpaka baada ya Idi, na yeye na baba yake walikwenda kwa baba wa binti kuomba radhi, pamoja na ustadh. Vijana walionakili walifuta mbele ya ustadh, ingawa sote tunajua kwamba kilichokwisha kuingia simuni hakina mlinzi. Akina mama wawili wa upande wa wanawake walikwenda nyumbani kwa binti, mara ya kwanza wakarudi bila jibu, mara ya pili wakapewa chai, mara ya tatu baba akasema atafikiri. Alirudi madrasa mwezi sita Shawwal. Katika siku zile alizokaa nyumbani alikuwa ameendelea mwenyewe, na sasa yuko mbele ya wenziwe.

Daftari la kijana tulimrudishia kwa mkono wetu, baada ya Alfajiri, wakati msikiti hauna watu. Tulikuwa tumepitisha penseli palipopungua mizani. Shairi moja tulilikunja. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza kama ni kweli kwamba katibu naye alitunga, kwa kuwa habari za kamati yetu huvuja kuliko bomba lake. Tulimwonyesha ukurasa wenye “ewe” nne. Alijizuia kwa adabu, kisha akashindwa, na kicheko chake kiligonga dari yote ya msikiti mtupu. Yeye, kwa haki, ana sikio kuliko tulivyokuwa sisi.

Mwenyekiti aliagiza kwamba mambo ya daftari la katibu yasiingie katika muhtasari. Hayakuingia. Habari za gazeti hakuzitaja.

Katika kaunta buku letu zilibaki kurasa tupu zaidi ya hamsini. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, usiku mmoja tuliporudi kutoka msikitini na nyumba imelala, tuligeuza ukurasa safi tukaandika juu yake “Juzuu ya Pili”, bila wino mwekundu. Tuliandika ubeti mmoja, kisha wa pili. Yaliyomo hatutayaeleza hapa. Mwenyewe yupo, na ni yake. Tutasema tu kwamba ulianza na mlango wa nyumba tunayokaa, na mkono unaoufungua tunaporudi usiku kutoka vikaoni kabla hatujabisha.

Tuliuacha ubeti ule chini ya kikombe chake cha daku. Aliusoma akiwa amesimama, tui likichemka jikoni, akausoma tena. Kisha akachukua kalamu ya mtoto, akakata neno moja.

“Umeandika mlango wa kijani,” akasema. “Wa kijani ulikuwa wa nyumba ya kwanza, ile tuliyohama. Huu ni wa kahawia.”

Tukabisha. Akatupa tochi. Tulitoka nje tukaumulika, na kweli ni wa kahawia.